Tela la Baiskeli kwa Mbao za Kuokota

(Hotuba iliyosomwa Kisenyi, Kampala, mbele ya wajumbe wa kamati ya jamii waliotoka kambini, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Siku ya Wakimbizi Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Juni 2001, mwaka ulipotimia wa hamsini tangu Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Tangu hapo, kila inapofika tarehe hii, tunasikia hotuba nyingi juu ya haki zetu, na ni vizuri tuzisikie. Lakini kamati ilipotuomba sisi walimu tuseme neno, ilituagiza tulete jambo ambalo mtu anaweza kurudi nalo nyumbani na kulifanya kwa mikono yake. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya tela la baiskeli, lile mlilolipita pale mlangoni, lililotengenezwa kwa mbao za kuokota na magurudumu yaliyokuwa yametupwa.

Tutaeleza kwanza ni kwa nini walimu wameingia katika mambo ya matela. Kisha tutasema lilivyotengenezwa, kipande kwa kipande, ili anayetaka aweze kufuata. Mwisho tutasema namna tunavyolitunza pamoja, maana kazi hiyo imetushinda kwa jasho kuliko kupiga misumari.

MIZIGO YA KISENYI

Wenzetu mliotoka kambini mmeona wenyewe jinsi Kisenyi ilivyo bondeni. Upande mmoja kuna kilima cha Old Kampala na msikiti wake mkubwa, upande mwingine kuna Mengo, na chini unapita mfereji wa Nakivubo. Hatua chache kutoka hapa kuna soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Mchana kutwa masikio yetu yamejaa sauti ya mashine za kusaga mahindi, nyundo za mafundi wa chuma, na honi za mabasi. Kila gunia linaloingia na kila mfuko wa unga unaotoka unabebwa na mtu: kichwani, mgongoni, kwa toroli au kwa baiskeli. Mkimbizi anapofika hapa bila ndugu na bila lugha, mara nyingi kazi ya kwanza anayoipata ni kubeba mzigo wa mtu mwingine.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea na haki ya kufanya kazi, na tunaishukuru nchi hii kwa jambo hilo. Lakini anayekaa mjini anajitegemea. Mgao wa chakula uko makazini. Na huko makazini nako, nyinyi mnajua kuliko sisi jinsi mgao ulivyopunguzwa mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Basi wa mjini na wa kambini tumekutana kwenye njia moja: kila mmoja atafute kwa nguvu zake. Tukisema nguvu, tunasema miguu, shingo na mgongo, na hivi huchakaa.

Sasa tuje darasani. Kengele yetu inalia saa mbili asubuhi. Kwa muda mrefu tuliona kwamba mabenchi mengine yanabaki matupu mpaka saa tatu na kupita, na waliokosekana wengi wao walikuwa wasichana. Hatukutaka kuadhibu kabla ya kuuliza, kwa hiyo tuliwatembelea wazazi nyumba kwa nyumba. Jibu likawa moja kila mlango: mtoto amekwenda maji. Mama ameondoka alfajiri kwenda kuuza au kufua nguo za watu, baba yuko kwenye magunia au hayupo kabisa, na maji ya siku nzima yanamngoja mtoto. Yuko kwenye foleni ya bomba, akitoka hapo apande nayo nyumbani, kisha arudi tena.

Tulikaa na wanafunzi tukafanya hesabu ubaoni. Jerikani ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuibeba, anabeba ya lita 10. Nyumba ikihitaji lita 40, hizo ni safari nne. Nyumba tatu zenye hali hiyo ni safari kumi na mbili za watoto kila asubuhi. Lita hizo zote 120 ni jerikani sita kubwa tu, na jerikani sita zikipata magurudumu mawili, mtu mzima mmoja anazivuta kwa safari moja. Hesabu hiyo ndiyo iliyotuingiza katika useremala.

HATUKUANZA SISI

Ndugu zetu, watu wanaobeba mizigo hawajawahi kungoja kiwanda. Sisi tuliotoka Kivu tunakijua chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi la zamani. Kilianza kuonekana katika miaka ya 1970, na wenyewe hukipakia mamia ya kilo za viazi, kabichi na makaa wakateremka nazo kutoka Kibumba mpaka Goma. Mji wa Goma ukakisimamishia sanamu katika mzunguko wa barabara. Aliyekibuni hakuwa mhandisi wa chuo; alikuwa na mti, panga na shida.

Hapa Uganda, boda boda ilianza katika miaka ya 1960 mpakani Busia, kwa baiskeli ya kawaida iliyowekewa kiti cha nyuma, ikivusha watu na mizigo kati ya Uganda na Kenya. Leo neno hilo linatumika Afrika ya Mashariki yote, na vijana wanadhani lilizaliwa na pikipiki. Kule Jinja, shirika la FABIO limefanya kazi na baiskeli za kuvuta wagonjwa, yaani tela lenye machela, kwa vijiji ambavyo gari haliendi. Na wakati wa karantini ya mwaka 2020, usafiri wa abiria ulipopigwa marufuku tarehe 25 Machi na magari ya binafsi yakafuata siku chache baadaye, mji huu wote uligundua tena thamani ya baiskeli.

Wazee wetu wa Kisomali watatuunga mkono katika mfano wa mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Somalia ilikuwa na kambi kubwa za watu waliokimbia vita vya Ogaden. Alifika huko daktari mmoja aitwaye Paul Polak, akaona kwamba watu wana punda na wana mizigo, lakini hawana mikokoteni. Shirika lake jipya, IDE, likasimamia kutengenezwa kwa mikokoteni 500 ya punda. Mikokoteni hiyo haikugawiwa bure. Wakimbizi waliinunua kwa mkopo, wakalipa polepole kutokana na maji, kuni na vyakula walivyosafirisha. Tunautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba hata kambini, mtu akipewa nafasi ya kumiliki chombo chake, analipa deni na anabaki na chombo.

MBAO

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Hatutataja bei, kwa kuwa bei ya leo si ya kesho na ya Kisenyi si ya Nakivale. Itoshe kusema kwamba fedha zetu zilikwenda kwenye bolti, tyubu mbili na kazi ya welda. Mbao hatukununua hata moja.

Mbao zinapatikana wapi? Kwanza, kwenye paleti, yaani zile chanja za mbao zinazowekwa chini ya mizigo ya kontena. Mzee mmoja mwenye duka alituachia tano zilizovunjika. Pili, kwenye majengo, ambako mbao za kumimina zege hutupwa zikiisha kazi. Ukizikwangua zege zinabaki imara. Tatu, kwenye makreti ya nyanya, ingawa hizo ni nyembamba na zinafaa kuta tu.

Hapa kuna onyo. Paleti zinazotoka nchi za nje hupigwa muhuri. Ukiona herufi HT, mbao hiyo ilitibiwa kwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, na haina neno. Ukiona MB, ilifukizwa kwa dawa ya sumu ya kuua wadudu. Hiyo usiifanyie sanduku la chakula, wala mama asiiwashe jikoni. Na mbao yoyote iliyolowa mafuta au dawa iache, hata kama ni nzuri machoni.

Namna ya kubomoa paleti: usiipige kwa hasira. Ingiza kipande cha nondo kati ya mbao na mguu wake, inua polepole upande huu, kisha upande ule. Misumari usiitupe. Iweke juu ya jiwe, igonge mpaka inyooke. Wanafunzi wetu walinyoosha kopo zima kwa siku mbili. Lakini msumari wa zamani usiupige katika tundu la zamani, maana hautashika.

MAGURUDUMU

Gurudumu la baiskeli lina tabia zake. La toroli linaweza kushikwa upande mmoja, lakini la baiskeli lazima ekseli yake ishikwe pande zote mbili, kulia na kushoto. Ukilishika upande mmoja, ekseli itapinda siku ya kwanza. Kwa hiyo kila gurudumu linakaa kati ya miti miwili, kama linavyokaa katika foko, na tela lenye magurudumu mawili linahitaji miti minne ya urefu.

Chagua magurudumu ya nyuma. Katika baiskeli zile kubwa za inchi 28, gurudumu la mbele huwa na spoku 32 na la nyuma spoku 40. Hizo nane za ziada ni muhimu, kwa sababu baiskeli hujilaza kwenye kona lakini tela halijilazi. Linasukumwa kwa ubavu, na spoku ndizo zinazoumia. Fundi baiskeli wa jirani yetu, ambaye ni mwenyeji, alitupatia magurudumu mawili ya nyuma yenye rimu zilizopinda. Alizipiga spoku mpaka zikanyooka, akabadilisha gololi na kutia grisi. Malipo yake alisema apewe maji, na anapewa mpaka leo.

MWILI WA TELA

Vipimo tulivichukua kwa kitu tutakachobeba. Tulipanga jerikani sita chini, mbili kwa upana na tatu kwa urefu, tukachora mstari kuzizunguka. Ikatoka sentimita 52 kwa 92. Pamoja na magurudumu, upana wote hauzidi mita moja, nao unapita katika vichochoro vyetu. Anayebeba magunia au kuni apange mzigo wake chini vivyo hivyo na kupima.

Miti minne ya urefu ni ya mkaratusi, unene wa inchi mbili kwa tatu, urefu wa sentimita 120. Miwili inashika sanduku, na miwili iko nje ya magurudumu. Inaunganishwa na miti minne ya kukingama. Miwili kati ya hiyo, wa mbele kabisa na wa nyuma kabisa, inapita upande hadi upande, mbele na nyuma ya magurudumu. Ile ya katikati inaishia chini ya sanduku. Mahali pa kiungo tulichonga kidogo ili mti mmoja ukae ndani ya mwingine, kisha tukapitisha bolti yenye wosha pande zote mbili. Bila wosha, kichwa cha bolti kinazama ndani ya mbao na kiungo kinalegea. Misumari ni ya sakafu na kuta, na kila msumari unaotokea upande wa pili unakunjwa ncha.

Hapa tukawaita wanafunzi wa darasa la sita. Tuliwauliza watajuaje kama fremu ina pembe mraba, nao hawana kifaa. Walipima sentimita 60 upande mmoja kutoka kwenye pembe, sentimita 80 upande wa pili, na kamba kati ya alama hizo mbili ikatimia sentimita 100 kamili. Somo hilo lilikuwa kwenye daftari zao muda mrefu, lakini siku hiyo ndiyo walipoliamini. Kisha tuliwaomba waisukume fremu kwa pembeni, wakaona mstatili unavyolala. Tukapigilia mbao moja ya mshazari chini ya sakafu. Wakasukuma tena, haukulala. Pembetatu haibadilishi umbo bila kuvunjika upande mmoja. Hakuna aliyehitaji kukariri.

Kushikia ekseli, welda alitukatia vipande vinne vya chuma bapa, kila kimoja na ufa unaotazama chini, vikafungwa ubavuni mwa miti kwa bolti mbili mbili. Nati ikilegezwa, gurudumu linatoka bila kubomoa kitu, kwa hiyo pancha inazibwa njiani.

Mahali pa ekseli pana hesabu yake. Isiwe katikati ya sanduku, iwe nyuma ya katikati kwa upana wa vidole vinne. Ikiwa mbele, mzigo utalalia nyuma na kuinua baiskeli, mwendeshaji abaki anaelea. Ikiwa nyuma mno, mzigo wote unakaa juu ya baiskeli. Pima hivi: tela likiwa limejaa, inua mkono wake kwa mkono wako mmoja. Ukihisi uzito kama jerikani ndogo ya lita 5, au zaidi kidogo lakini isifike 10, ni sawa. Hii ni nyenzo, na wanafunzi walifanya hesabu yake pia.

MKONO NA KIUNGO

Mkono wa tela ni mti mmoja wenye urefu wa kama mita mbili na nusu. Unapita chini ya sanduku lote, unafungwa kwa bolti kwenye miti ya kukingama, kisha unatoka mbele na kupanda mpaka chini ya kiti cha baiskeli. Kwa kuwa lazima upande, seremala wetu, mzee aliyetoka Bukavu, alikataa kuukata kwenye mbao iliyonyooka. Alitafuta tawi la mkaratusi lililopinda lenyewe. Nyuzi za mti huo zinafuata mpindo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hauna mahali pa kupasukia. Ukipindisha kwa msumeno, unazikata nyuzi, na utakatika hapo hapo.

Kiungo kinatakiwa kufanya mambo matatu kwa pamoja: kugeuka kulia na kushoto, kuinuka na kushuka, na kujizungusha tela likiegemea shimoni. Mashine ya namna hiyo ni ghali. Sisi tulitumia ukanda wa tairi la lori, upana wa sentimita 5 na urefu wa 40. Unazungushwa kwenye bomba la kiti, na ncha zake mbili zinaubana mkono wa tela juu na chini kwa bolti mbili. Mpira unapinda kila upande na haupigi kelele. Pamoja nao weka mnyororo mdogo kutoka kwenye mkono wa tela hadi kwenye fremu ya baiskeli, ili mpira ukikatika tela lisikuache. Ukaguliwe kila Jumamosi, na ukionyesha nyufa ubadilishwe bila mjadala.

MATEREMKO

Hapa tunasema kwa ukali kidogo. Kampala ni mji wa vilima. Breki za baiskeli zetu zilitengenezwa kumsimamisha mtu mmoja na mzigo wake wa keria, wala si kilo 120 zinazosukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo kanuni zetu ni hizi. Kwenye tambarare unaendesha polepole. Kwenye mteremko unashuka chini na kushika breki kwa mikono huku ukitembea, na mtu wa pili anashika kamba nyuma ya tela. Kupanda, mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Mtoto hapandi juu ya tela, liwe tupu au limejaa. Usiku halitembei. Nyuma tumepigilia kipande cha bati chekundu na kioo cha taa iliyovunjika, kionekane na magari. Mvua kubwa ikinyesha na mfereji ukajaa, linakaa.

TELA LA WATU WENGI

Tumefika kwenye sehemu ngumu. Lilipoanza kazi, lilibeba maji asubuhi, na ndani ya wiki chache mabenchi yakaanza kujaa saa mbili. Lakini chombo kizuri kinaonwa na wote. Mwenye biashara mmoja ya mahindi alitaka kulikodi siku nzima, kila siku, kwa fedha taslimu. Wazazi wakagawanyika. Wengine walisema fedha hizo zitanunua madaftari na hata viatu. Wengine walisema maji yakirudi kichwani mwa mtoto, madaftari ya nini? Vijana wetu wabebaji nao walikuwa na hoja yao, na ilikuwa ya haki: wao hukodi baiskeli na matoroli kwa watu, na kila jioni sehemu kubwa ya jasho inabaki kwa mwenye chombo. Waliuliza kwa nini jamii iliyo na tela lake ilikodishe kwa tajiri, huku watoto wake wenyewe wakikodi kwingine.

Tulikutana jioni tatu mfululizo. Palisemwa maneno makali, lakini hakuna aliyeondoka. Mwishoni tulikubaliana hivi. Tangu alfajiri mpaka saa mbili, tela ni la maji: nyumba zenye watoto wa shule kwanza, pamoja na wazee na wagonjwa. Kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja ni la vijana wabebaji walioandikwa, kwa zamu, na kila mmoja analipa kiasi kidogo kuliko anachotozwa kwingine. Fedha zinaandikwa katika daftari mbele ya watu watatu: Mkongo mmoja, Msomali mmoja na mwenyeji mmoja. Kwanza zinanunua matairi, tyubu na grisi. Kinachobaki kinawekwa kwa ajili ya tela la pili. Anayevunja kitu kwa uzembe hutengeneza yeye. Kikivunjika chenyewe, daftari linalipa.

Tela la pili limekwisha. Lilijengwa na wale vijana wenyewe, mzee seremala amekaa kwenye kiti akielekeza kwa fimbo. La tatu linangoja magurudumu.

Hatusemi kwamba shida imekwisha. Kuna nyumba ambazo tela halifiki, kwa kuwa njia ni ngazi tupu. Kuna watoto ambao maji yalipowaacha, walichukuliwa na kazi nyingine, na hao bado tunawafuata. Tela limeondoa sababu moja tu ya mtoto kuchelewa. Lakini sababu hiyo tuliweza kuigusa kwa mikono yetu bila kumwandikia mtu barua.

TUNACHOIOMBA KAMATI

Mheshimiwa Mwenyekiti, tuna maombi matatu. La kwanza, kamati ya kambini iongee na wote wanaopokea mizigo huko, maghala, shule, vituo vya afya, ili paleti na mbao zilizovunjika zisichomwe bali zipewe jamii, na zile zenye muhuri wa MB zitengwe. Huko kwenu nafasi ni kubwa kuliko hapa: mnabeba maji, kuni, mahindi ya shamba, na mama mjamzito anayetakiwa kufikishwa kituoni. Barabara zenu nyingi ni za udongo, basi tumieni matairi mapana na msizidishe mzigo wakati wa matope.

La pili, kuwe na sanduku moja la vifaa vya kuazima: msumeno, nyundo, tindo, keekee, spana mbili. Watu wengi wana akili ya kazi na mikono ya kazi, wanachokosa ni msumeno wa siku mbili.

La tatu, vijana wawili kutoka kila eneo la makazi waje hapa wakae nasi juma moja. Chakula tutagawana kilichopo. Watarudi na tela walilolijenga wenyewe, na deni lao litakuwa kuwafundisha wengine wawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekuwa wageni kwa miaka mingi mno kuendelea kungoja kupewa jembe, tulichonge.

Ndugu zetu, baada ya hotuba hii seremala na vijana watabaki pale mlangoni mpaka saa kumi na mbili jioni. Njooni na kamba au utepe mkalipime, mlipindue mtazame chini, muulize maswali. Wanafunzi wa darasa la sita watawaonyesha ile hesabu ya 60, 80 na 100, na wanaijua kuliko walimu wao.

Tunawatakia maadhimisho mema na safari njema ya kurudi.